Chekeche na Vifungo Kumi na Kimoja

Naweka dau spana yangu kubwa, ile nyekundu ambayo hata mke wangu haruhusiwi kuigusa, kwamba hutaniamini. Mafundi bomba wenzangu hawakuniamini. Kinyozi wangu aliacha kunyoa kichwa kikiwa nusu, akaniuliza nimekunywa nini. Basi na wewe weka chako, tuanze.

Mtu mwenye jicho kali kuliko wote ninaowajua ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Shule aliishia darasa la saba. Mimi niliishia la sita, tena kwa kusukumwa, kwa hiyo nikisema kanizidi elimu usidhani namsifu. Huyu mama alimkalisha kitako daktari wa elimu ya bahari, mtu mwenye vyeti vya kuezekea nyumba, na silaha zake zilikuwa ndoo ya maji ya buluu na kisu cha kupakia siagi. Nilikuwepo. Nilikuwa chini ya sinki.

Kazini wanamwita Chekeche. Ni kituo cha kuchunguza bahari, jengo la ghorofa mbili lenye korido ndefu inayonuka tope na sabuni. Aliingia pale kama mfagiaji. Kabla ya hapo alikuwa kwenye kiwanda cha mikate, anachekecha unga kutwa, anarudi nyumbani mweupe mpaka kope. Siku moja yule aliyekuwa anaosha tope kituoni akaacha kazi, mkuu wa zamani akawa anahangaika peke yake na chekeche, anamwaga huku na huku. Shemeji akaegemeza fagio ukutani, akamwambia, "Mzee, hilo unalitikisa kama unamfukuza kuku. Lete." Hajalirudisha mpaka leo, mwaka wa ishirini na mbili huu.

Kazi yenyewe iko hivi. Meli ya utafiti inakwenda mbali huko, inashusha bomba refu la plastiki mpaka sakafu ya bahari. Bomba linazama kwenye tope kama kidole kwenye siagi. Likivutwa juu limejaa tope lililolala tabaka kwa tabaka: la juu ni la juzijuzi, la chini ni la zamani mno, kabla babu wa babu yangu hajagombana na mtu. Wataalamu wanapasua bomba kwa urefu, wanakata vipande, kila kipande na mfuko wake na namba yake. Halafu mifuko inakuja kwa Chekeche. Anaosha tope kwenye chekeche lenye matundu madogo hivi kwamba ukilishika unadhani ni kitambaa cha hariri. Tope lote linakwenda na maji, kwenye mabomba niliyoyafunga mimi, nawe ujue hakuna sayansi pale bila mimi. Kinachobaki ni vumbi jeupe, halijai hata kijiko cha chai.

Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka. "Shem, wanakulipa kuosha mchanga?"

Alinishika kisogo, akanibandika jicho kwenye hadubini kama anamnywesha ndama.

Sasa hapa ndipo kinyozi aliponikatalia. Ule haukuwa mchanga. Zilikuwa nyumba. Kuna tufe la kioo ndani ya tufe jingine la kioo, na ndani yake jingine tena, yote yametobolewa matundu yaliyopangana kama kitambaa cha kufuma, na miiba imetoka nje kila upande. Kuna kitu kama kofia ndefu yenye miguu mitatu. Kuna vya chokaa vimevimba vikashikana kama bisi. Mimi ni fundi, nimeunganisha mabomba ya hoteli mbili na hospitali, najua kona iliyonyooka nikiiona. Pale hapakuwa na kona iliyopinda.

"Nani kachonga hivi?" nikauliza.

"Mwenye nyumba," akasema. "Kadudu kamoja. Hakana jicho, hakana mdomo, hakana tumbo. Ni chembe moja tu ya uhai, inaelea baharini, inachukua chokaa au hicho kitu cha kioo humohumo majini, inajijengea. Ikifa, nyumba inazama mpaka kwenye tope." Akanitazama juu mpaka chini. "Chembe moja, Koki. Wewe unazo zisizo na idadi na paa lako bado linavuja."

Koki ni jina alilonipa yeye, kwa sababu eti mdomo wangu haufungi.

Wataalamu wanaviita kwa majina marefu kama treni ya mizigo. Shemeji anayajua yote, lakini ana majina yake mafupi, ambayo kituo kizima kimeshayazoea: Bisi, Taa, Kofia, Kifungo. Kifungo ni cha chokaa, bapa, kina ukingo mkali kuzunguka, ungeweza kukishonea shati la siafu. Anaviokota kimoja kimoja kwa brashi yenye nywele tatu. Analowesha ncha mdomoni, anagusa ganda, linang'ang'ania, analihamishia kwenye kibao cheusi chenye vyumba sitini vilivyochorwa kwa namba. Bisi chumba chake, Taa chumba chake. Hatakiwi hata kuguna. Pumzi moja ya pua inahamisha ukoo mzima. Mimi niliwahi kupiga chafya pale. Sikupiga kwa makusudi, ni pilipili ya mke wangu. Shemeji alishinda mchana kutwa anaokota maganda yake juu ya meza, akayapata yote, na tangu siku ile kuna utepe mwekundu sakafuni. Nikifika pale, nasimama.

Halafu kuna ile ndoo ya buluu. Mkuu wa zamani ndiye aliyemfundisha kabla hajastaafu. Akimaliza kuosha kipande kimoja cha tope, analisugua chekeche, kisha analichovya kwenye ile ndoo ya rangi. Kama kuna ganda limenasa kwenye tundu, linageuka buluu. Likija kudondoka kwenye tope linalofuata, anamtambua mara moja: huyu mgeni, katoka nyumba ya jana. Anamweka chumba namba sitini, cha wageni, asihesabiwe na wenyeji. Ndiyo maana vidole vya shemeji ni vya buluu mwaka mzima. Watu sokoni humuuliza kapiga kura wapi.

Basi akaja Daktari. Kijana safi, kalamu tatu mfukoni, saa ya kuzamia hata siku ambazo hazamii. Alikotoka machekeche husafishwa na mashine ya kutetemesha, kwa hiyo ndoo ya buluu alidhani ni dawa ya kuua wadudu. Hakuuliza, na shemeji naye si mtu wa kueleza asichoulizwa. Mimi ningemweleza bila kuulizwa, tena mara mbili.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne asubuhi. Niliitwa kwa sababu sinki la kuoshea tope lilikuwa limeziba, na nilikuwa nimelala chali chini yake, tochi mdomoni, mkono mmoja ndani ya bomba, niliposikia viatu vya watu wawili vinaingia. Vya Daktari nilivijua kwa mlio. Vingine vilikuwa vya Mkuu wa sasa, mama mmoja mpole ambaye upole wake unatisha.

"Mama Chekeche," Daktari akaanza, "hiki kibao cha tope la mita nne. Umeandika Vifungo kumi na kimoja."

"Nimeandika nilichoona."

"Lakini huku chini Vifungo havipo. Aina hii katika bahari hii inaanza kuonekana juu, kwenye tabaka za karibuni. Mabomba yote ya jirani yanasema hivyo."

"Basi hili linasema vingine."

"Au chekeche halikuoshwa." Hakupandisha sauti. "Siku ileile uliosha tope la juu, lililojaa Vifungo. Vikabaki kwenye chekeche, vikaingia huku. Na kama imetokea hapa, Mkuu, hatuwezi kujua imetokea mara ngapi. Mimi naona vibao vyote alivyopanga huyu mama tuviweke pembeni, tuoshe upya. Na yeye arudi kwenye usafi, kwa heshima zote."

Kuosha upya nini? Tope la zamani lilishaisha, limepita kwenye mabomba yangu miaka iliyopita. Kuosha upya maana yake ilikuwa kutupa. Kabati nne, droo baada ya droo, kila kibao na mwandiko wake wa penseli pembeni. Niliona miguu ya shemeji kutoka pale chini. Haikusogea hata inchi. Ila ndala moja ilikuwa inabonyea na kuinuka, inabonyea na kuinuka, ya kulia.

Mkuu akasema, "Tukutane saa nane. Kila mtu aje na alichonacho."

Saa ya chakula tulikaa kwenye ngazi za nyuma, karibu na mitungi ya gesi. Alikuwa na mfuko wa karanga, hakula hata moja. Mimi nilikula, huzuni hainizuiagi.

"Shem," nikamwambia, "nisikilize mtu wa mjini. Omba msamaha."

"Wa kosa gani?"

"Lolote. Chagua dogo. Waambie siku ile ulikuwa na mafua. Watakunyang'anya hicho kibao kimoja, watakuachia kazi. Tena hata hivyo, vile Vifungo uliviona wewe peke yako! Ningekuwa mimi ningevilamba na brashi, nani angejua?"

Aligeuka akanitazama mpaka karanga ikanikwama.

"Naokota kilichopo," akasema. "Nikianza kumeza nisichokipenda, kile kibao kina maana gani? Na nikisema hili nimechanganya, yale mengine nitasimama vipi kusema sikuchanganya? Mtoto wangu wa mwisho nilimnyonyesha pale kwenye kiti, Koki. Mkono mmoja mtoto, mkono mmoja brashi. Wazitupe zile kabati halafu mimi nibaki na mshahara?"

"Sasa utawaambia nini?"

"Sitawaambia. Nitawaonyesha."

Akakunja mfuko, akanirudishia karanga zangu nusu. Zilikuwa zake, lakini nilishazizoea.

Saa nane kamili nilikuwa nimerudi chini ya sinki. Lilikuwa limeshazibuka tangu saa tano, lakini nani alijua? Nilikuwa nagonga bomba mara mojamoja, kwa adabu.

Shemeji aliweka kile kibao chini ya hadubini. Hakukohoa, hakusema karibuni.

"Mama Mkuu, angalia Vifungo. Chumba cha saba. Vina rangi gani?"

Mkuu akainama. "Vyeupe."

"Vyeupe vipi?"

"Kama meno ya mtoto."

"Sasa nenda chumba cha sitini."

Nikaacha kugonga. "Kuna maganda matatu," Mkuu akasema. "Buluu."

"Hao ndio waliobaki kwenye chekeche. Baada ya kila tope nalichovya kwenye ndoo ile. Kilichonasa hakitoki na rangi yake ya kuzaliwa. Hao watatu ni wageni, nimewaweka kwa wageni. Vile kumi na kimoja havijapita kwenye ndoo yangu. Vilikuja humohumo kwenye mfuko."

Daktari akachukua hadubini. Nilisikia kiti kikisogezwa, gurudumu la kulenga likizungushwa mbele na nyuma. Na haki yake nimpe, hakubisha ili kubisha tu. Ila aliuliza, "Kwenye mfuko viliingiaje, na mfuko niliufunga mimi?"

"Lile tope lililobaki liko friji?"

"Liko."

"Lete."

Likaletwa. Nilichungulia pembeni ya mlango wa kabati la sinki. Kibonge cha kijivu, ukubwa wa kipande cha sabuni. Shemeji akakigeuza kiganjani, akakipitishia kidole cha buluu polepole.

"Upande huu umekwaruzika, ni wa kisu chako. Upande huu umechongoka. Na huu?" Akamsogezea. "Huu mviringo, laini, unang'aa. Huu ulikuwa umegusa ukuta wa bomba. Ulikata pembeni, Daktari, hukukata katikati. Bomba likizama linaburuta tope la juu ukutani, linashuka nalo mpaka chini."

Hapo nilishindwa. Fundi gani angeweza? Nikatoa kichwa nje. "Kweli kabisa hiyo! Bomba lolote! Hata la jikoni, mafuta ya juu unayakuta chini yameganda ukutani, katikati pasafi, mimi mwenyewe juzi nimetoa..."

"Koki," akasema shemeji bila kugeuka. "Funga."

Nikarudisha kichwa. Lakini Mkuu alikuwa amecheka, nilimsikia.

Shemeji akachukua kisu chake cha siagi, akakipangusa, akamenya kile kibonge kama kiazi. Maganda ya pembeni bakuli moja, moyo wa katikati bakuli jingine. Akaosha la katikati kwanza, wote wanamwangalia. Akasugua chekeche, akalichovya kwenye ndoo, akalisuuza, akaosha la pembeni. Maji yalishuka kwenye bomba langu, juu ya uso wangu kabisa, hayakuvuja hata tone, iandike hiyo. Kisha akatia mavumbi yote mawili kwenye oveni, akavua aproni. "Yakauke. Kesho asubuhi Daktari aokote mwenyewe. Mimi sitashika brashi, isije ikasemwa."

Jumatano sikuwa na kazi kituoni. Nilikwenda na spana mkononi ili niwe na sababu. Mlinzi akaniuliza nakwenda kutengeneza nini, nikamwambia heshima ya ukoo.

Daktari aliokota kuanzia saa mbili. Ukitaka kujua kazi ni ngumu, mwangalie msomi akiifanya. Maganda mawili yaliruka yakapotea. Alivua saa. Alifungua kola. Shemeji alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, anatazama dirishani kama mtu anayesubiri mvua ipite. Ni ile ndala tu iliyokuwa inabonyea.

Katikati: Bisi tele, Taa, Kofia. Kifungo, hakuna hata kimoja.

Pembeni: Vifungo kumi na vinne, vyeupe vyote. Na kimoja cha buluu, Bisi, mgeni wa jana, ambacho Daktari alikiona mwenyewe, akakibeba kwa pumzi iliyofungwa mpaka chumba cha sitini. Alipokiweka ndipo alipoinuka.

"Nilikata mimi," akasema. Hakumwambia Mkuu, alimwambia shemeji. "Nilikata pembeni. Naomba radhi, mama."

"Zimefika," akasema shemeji.

"Na ile mifuko mingine niliyokata mwezi huu?"

"Arobaini na mitatu. Nimeshaitenga kwenye friji, rafu ya chini. Yenye mgongo laini ni kumi na sita tu. Itamenywa."

Mkuu hakutoa hotuba. Alifungua kabati la kwanza, akavuta droo, akatoa kibao cha zamani kabisa, penseli imefifia, akakiweka chini ya hadubini. Akaangalia chumba cha sitini, na pale walikuwepo, wageni wawili wa buluu wa miaka ishirini na mbili, bado wamekaa walipowekwa. Akavuta droo nyingine, na nyingine. Kila droo na wageni wake. Mwishowe akafunga kabati, akampa shemeji funguo. Zote nne. "Kuanzia leo," akasema, "hakuna kibonge kitakachokatwa hapa bila wewe kusimama pembeni."

Daktari akavuta kigoda mpaka kwenye ule utepe mwekundu, akasimama. "Naruhusiwa kuvuka? Nataka nifundishwe ile ndoo."

"Vuka," shemeji akasema. "Ila ukitaka kupiga chafya, mfuate huyu bwana nje."

Akachovya kidole kwenye ndoo, akamwonyesha Daktari rangi inavyotakiwa kuwa, nyepesi, si nzito. Nilitazama mgongo wake pale, aproni imefungwa fundo la pembeni, miwani imeungwa kwa plasta, funguo nne zinaning'inia kiunoni, na mtu mwenye kalamu tatu mfukoni anaandika kila anachosema. Nikatoka nikamwambia mlinzi. Nikamwambia muuza magazeti. Nikaenda kwa mke wangu kazini, nikamwambia mbele ya wateja, akaniambia punguza sauti, huku mwenyewe amesimama wima kama anapigwa picha. Tangu siku ile nimeshaieleza mara mia, na kila mara nasema mimi nilikuwa upande wake tangu mwanzo.

Pale kwenye ngazi, nilipomwambia aombe msamaha, nilijifanya natoa ujanja wa mjini. Haukuwa ujanja. Niliamini kweli amechanganya. Nilikosea.